Mchezo Uliogoma Kufunguka

Binti alikutwa amenyongwa kitini, mbele ya kompyuta yake, Jumamosi saa saba mchana. Aliyemkuta ni dada yake, aliyekuwa akiishi naye. Polisi walimkamata jirani, kwa kuwa alikuwa akitukanana na marehemu kila siku kwenye mchezo wa mtandaoni.

Jumatano dada akaibeba kompyuta hadi kwa Fundi, mwanamke wa maneno machache.

“Nataka kusoma walichoandikiana. Mchezo unagoma.”

Fundi aliiwasha. Ukatokea ujumbe: ulinzi wa kuwashia kompyuta umezimwa, mchezo hauwezi kufunguka.

“Alicheza lini mara ya mwisho?”

“Asubuhi ile ile. Saa tatu nilimwacha akicheza, nikaenda sokoni.”

“Basi saa tatu ulinzi ulikuwepo.” Fundi akapekua kumbukumbu za mashine. Kompyuta ilizimwa ikawashwa upya saa tano na dakika kumi, bila ulinzi. “Daktari alisema alikufa saa ngapi?”

“Kabla ya saa nne na nusu.”

“Basi si marehemu aliyeuzima,” alisema Fundi. “Jirani asingeweza kuuzima akiwa kwake. Lazima mtu akae hapa, na awe na neno la siri la mipangilio. Nani analo?”

“Mume wangu. Ndiye aliyeiandaa.”

Mtu huuzima ulinzi ule ili aiwashe mashine kwa flashi, afute asichotaka kionekane. Fundi alihangaika saa mbili kurudisha kilichofutwa. Ikapatikana sauti moja, aliyoirekodi Binti siku nne kabla ya kifo chake: kishindo, kilio cha mwanamke, na mwanamume akimwambia anyamaze. Dada hakuuliza ni nani. Fundi akampigia simu Sajini aliyekuwa akiipeleleza kesi.

Jioni mume alifuata kompyuta kwa Fundi, mkewe akiwa bado pale. “Sijaigusa tangu mwaka jana,” alisema.

“Jumamosi saa tano ulikuwa wapi, shemeji?” aliuliza Fundi.

“Kazini.”

“Kazini wanasema ulifika saa sita,” alisema Sajini, akitokea chumba cha nyuma.

Fundi akaicheza ile sauti. Mume akaketi.

“Alisema anaipeleka polisi,” alinong’ona. “Nilimsihi aifute. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kucheza.”

“Miaka sita nimekuficha,” mkewe alisema. “Yeye hakuweza hata wiki moja.”

Akakunja mikono ya blauzi, michubuko ikaonekana hadi viwikoni, akamwambia Sajini aanze kuandika.