Nani Kamchongea Marin?

Tofali liliruka uzio, likapasua kioo cha gari la Tamsin barabarani. Kipande kikamchana mkono.

"Mzee Zdenko, umerukwa na akili?"

"Bado la pili! Umemchezea mwanangu, sasa umemtema!"

Majirani wa mtaa huo wa Rockingham, Australia, walishajaa nje, wengine na bia mkononi.

Marin, mtoto wa Zdenko, ni baharia wa nyambizi za dizeli. Australia ilipoamua kuhamia za nyuklia, Tamsin, mpenzi wake, alikuwa kwenye kamati ya kupanga nani aende Marekani kusomea mitambo hiyo. Marin alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Asubuhi ile akapata ujumbe: "Usalama wamekukataa. Hutasafiri."

Akatoka kwao na chepe.

"Jana umelala kifuani kwangu, kumbe ulishanikata!"

"Sio mimi! Wapelelezi huuliza watu wako wa karibu. Kuna mtu kawaambia unalewa na unapiga watu."

"Nani?"

"Sikuambiwa!"

"Nani, Tamsin!" Chepe likashuka kwenye mlango wa gari, bati likabonyea.

Nevenka, mama yake Marin, akachomoza mlangoni, mwiko mkononi.

"Zdenko! Yule mgeni aliyevaa tai, uliyekunywa naye hapa akimuulizia Marin, ulimwambia nini?"

Zdenko akageuka kuondoka.

"Baba?"

"Kaka yako alizama, hata mwili hatukuupata! Na wewe ukalale ubavuni mwa moto wa atomi? Bora unichukie, ila uwe hai."

"Umeniua mwenyewe, kisha ukamtupia Tamsin tofali, mzee muongo!"

Ngumi ya Zdenko ikampasua mdomo. Marin akatema damu, akainua chepe juu ya kichwa cha babake. Tamsin akajitupa katikati.

"Piga! Piga, aliyoyasema yawe kweli!"

Marin akaliachia chepe. Likaanguka.

Zdenko akaketi kwenye vioo, akampigia simu yule mgeni wa tai.

"Bwana, nilidanganya. Mwanangu hajawahi kupiga mtu. Mlevi ni mimi."

"Njoo Jumatatu, uyaseme mbele ya wakubwa," sauti ikajibu.

Marin akaushika mkono wa Tamsin uliokuwa ukivuja damu.

"Nisamehe, mpenzi. Wakinikubali, tunaoana kabla sijaondoka."

"Na wakikataa?"

"Tunaoana vilevile."

"Gari langu je?"

"Atalitengeneza huyo," Nevenka akamnyooshea mumewe mwiko. "Zdenko, fagia kwanza. Na wewe binti, unasimamaje barabarani kama mgeni? Njoo nikufunge huo mkono. Kabichi za nyama zimeiva. Ingia ule, mwanangu."