Uzi Mwekundu wa Gogo

Haya yalimkuta rafiki yangu, bosi wa karakana ya ushonaji. Fundi wake mmoja ana ugonjwa wa kulala ghafla, hata akiwa kwenye cherehani. Bosi akambandika jina la Gogo, na siku moja, fundi akiwa amelala, akamshona mkono wa gauni lake kwenye pazia kwa uzi mwekundu, watu wapate kucheka.

Gogo alipozinduka hakulia. "Bosi, mwili ndio unaolala. Mimi nasikia yote."

Kesho yake bosi aliingia stoo kuchukua kitambaa, taa ikazimika. Gizani cherehani ikaanza kulia, taratibu, karibu na sikio lake. Akatoka mbio. Gogo alikuwa mezani, amelala fofofo.

"Huyu ameinuka?" bosi akawauliza mafundi wengine.

"Wala hajatikisika, bosi."

Alitaka kujifuta jasho, mkono ukagoma. Shati lake lilikuwa limeshonwa mkono kwenye ubavu kwa uzi mwekundu, na uzi huo, uliotokea stoo gizani, bado ulikuwa unavutwa.