Maoni ya Limi

Kabla mwanafunzi hajamaliza swali lake, Kielekezi kilikuwa kimekwisha kulijibu. Kifaa hicho, kidogo kama punje ya hindi, kilivaliwa nyuma ya sikio, kikasoma fikra zikingali changa na kupekua maktaba zote za nchi kufumba na kufumbua. Kilifundisha pia: kuchagua maneno ya kutafutia, kupima chanzo, kutambua uzushi. Katika Chuo cha Tabora Mpya, jengo la maktaba liliingiwa tu na waliokimbia mvua.

Mhandisi Nyamizi ndiye aliyekibuni. Sasa baraza la chuo lilitaka kujua wanafunzi wanaonaje kujifunza utafiti wa maktaba mtandaoni. Wakiridhika, darasa la mwisho la ana kwa ana lingefungwa, na Kielekezi kingesambazwa vyuo vyote. Maoni yalipokusanywa, karibu wote walikisifu: ni chepesi, kinaokoa muda, kinamfuata mtu hata kitandani. Nyamizi alifurahi wala hakuficha. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, naye hakutaka kuambiwa hivyo. Akaamua kumhoji mwanafunzi mmoja uso kwa uso, bila kifaa.

Aliyekuja ni Limi, binti mchangamfu wa mwaka wa pili anayesomea kilimo. Akamwamkia, akakivua Kielekezi na kukiweka mezani. Walizungumza kidogo juu ya mvua na mihogo. Kisha Nyamizi akamuuliza anayaonaje mafunzo yale.

Mkono wa Limi ukapanda hadi sikioni, ukashuka.

"Mama, naomba nikivae kidogo tu."

"Cha nini?"

"Nitafute."

"Utafute nini? Nimekuuliza unaonaje wewe."

"Ndiyo," Limi akajibu kwa upole. "Natafuta ninavyoona."

Nyamizi aliingiwa na hofu. Sasa alijua zile sifa zote ziliandikwa na nani. Na huo uwezo wa kulitangulia swali ndio aliojivunia kuliko yote. Aliutia yeye mwenyewe, ili watoto wa watu wasihangaike.

Akakifungia kifaa kwenye droo. "Baraza litangoja," alisema. "Na mimi nitangoja."

Limi akaanza sentensi, akaiacha. Akaanza nyingine. "Mimi naona..." Machozi yakamlengalenga. Nyamizi alijua kabisa neno ambalo lingefuata, na lilimwasha mdomoni. Akauma ulimi, akasubiri.