Mashine Iliyovuliwa Shela

Nilirudi karakanani kwa sababu ya blanketi la mtoto.

Ni blanketi dogo la njano. Asubuhi nililikunja nikalikalia, maana kiti changu ni cha chuma na kinaumiza. Jioni nikaondoka nikaliacha pale. Nilikumbuka nilipofika njia panda, jua limeshazama na umeme umekatika mtaa mzima.

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha makoti ya mvua. Hatushoni kwa uzi. Unaweka vipande viwili vya plastiki chini ya kibao cha shaba, unakanyaga, mashine inanguruma, plastiki inashikana kwa mstari wa vidoto. Kibao chenyewe hakina moto. Fundi umeme alitueleza kwamba ule ni umeme unaotetemeka kwa kasi sana, mamilioni ya mara kwa sekunde moja. Haukurushi kama ule wa ukutani. Unapita kimya kimya, na kitu kinapata joto kutoka ndani.

"Kama chakula jikoni?" aliuliza Shangazi, mkubwa wetu kazini. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, tulimwita tu.

"Mbaya zaidi," alisema fundi. "Ndiyo maana mashine ina kifuniko. Msikitoe."

Tulikitoa kila asubuhi. Kilikuwa kinachelewesha mikono. Mashine yangu tuliiita Bibi Harusi, na kile kifuniko cha wavu wa chuma tulikiita shela. Shangazi akiingia tu husema, "Haya, mvueni shela tumwone," nasi tunacheka. Mkaguzi akija, tunamvisha Bibi Harusi tena.

Siku moja fundi alichukua taa ya tyubu iliyokwisha kazi, haina waya wala nini, akaisogeza karibu na Bibi Harusi. Ikawaka mkononi mwake. Tukapiga makofi.

Yeye hakucheka. "Na nyinyi mnawaka hivi hivi," alisema, "ila hamna kioo cha kuonyesha."

Akaiegemeza ukutani, akaiacha hapo.

Nilikalia kiti kile mpaka mimba yangu ikafika miezi minane. Nikajifungua. Mtoto alipofikisha miezi mitatu nikarudi, na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji, na kazi nilikuwa naihitaji.

"Umesahau nini tena, mama mtoto?" mlinzi aliniuliza getini.

"Blanketi."

"Shukuru kichwa kimefungwa shingoni. Pita. Ila angalia usijikwae, giza humo."

Nilisukuma mlango.

Kwanza harufu. Hewa kali kama baada ya radi, na plastiki iliyoiva.

Halafu sauti.

Mmm... mmm... mmm...

Bibi Harusi alikuwa anafanya kazi.

Na ile tyubu ukutani ilikuwa inawaka.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amenipa mgongo, amevaa aproni kama yetu. Mguu wake ulikanyaga, ukaachia, ukakanyaga. Chini ya kibao hapakuwa na plastiki. Palikuwa na blanketi la mwanangu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Alinong'ona. Hakugeuka. "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Nipe mkono."

Mimi ni mtu wa kuona haya. Nikiambiwa nipe, natoa. Nilimpa wa kulia. Aliushika, akauweka chini ya shaba, akakanyaga.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Hata mimi sikusikia." Mmm... "Nilipima maji ya kumwogesha wangu kwa mkono huu. Yalikuwa yanafuka mvuke... lakini mkono uliniambia ni ya baridi."

Tyubu ikazimika.

Nilikuwa nimesimama peke yangu gizani, blanketi mkononi. Nilipoliweka shavuni ndipo nikajua kwamba lina joto.

"Umeshatoka?" mlinzi alishangaa. "Hata sigara sijaiwasha."

Nyumbani mama mkwe alikuwa amewasha mshumaa. Beseni lilikuwa sakafuni.

"Afadhali umefika. Mwogeshe mwenzio, mgongo wangu umekataa. Angalia maji kwanza."

Nilimpakata mtoto kwa mkono wa kushoto, nikatumbukiza wa kulia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mazuri tu. Nikaanza kumshusha. Vidole vya miguu yake vilikaribia kugusa maji.

Mkono uliniambia...

Nikasita. Nikachovya kiwiko.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

"We! Hujachanganya na ya baridi?" Mama mkwe alininyang'anya mtoto. "Nimeyatoa jikoni sasa hivi! Unataka kunichemshia mjukuu?"

Nilikuwa nautazama mkono. Ngozi ilianza kuinuka malengelenge. Na katikati ya kiganja palikuwa na mstari wa vidoto vidogo, vimepangwa sawasawa. Mshono ule ule tunaoupiga kwenye makoti. Nilivigusa kimoja kimoja.

Havikuuma.

Asubuhi nilimwambia Shangazi. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kazini. Yeye aliketi chini, kwenye sakafu.

"Alikaa hapo kabla yako," alisema. "Mpole kama wewe. Mwanawe alipoungua akafa, tulisema ni uzembe. Tulimsema sana, mwanangu. Baadaye tukasikia na yeye amefariki. Hatukwenda kuzika."

Akainuka, akamvisha Bibi Harusi shela lake, akalifunga kwa waya. "Atakayemvua tena atanijua."

Hakuna aliyecheka.

Fundi alinitazama vidole. Alisema ganzi inaweza kuletwa na umeme ule, na kwamba nikiacha mashine huenda ikapungua. Hilo alilieleza vizuri. Nilipomuuliza kuhusu tyubu, aliitazama pale ukutani.

"Jana umeme haukuwepo," alisema. "Haiwezi kuwaka."

Aliondoka nayo, ameishika mbali na mwili.

Niliacha kazi wiki ile. Vidole vinarudi polepole. Blanketi nimelifua mara nyingi, lakini pindoni kuna mstari wa vidoto ambao hautoki. Mtoto hakubali kulala bila blanketi hilo.

Juzi nilimpeleka kwenye chanjo ya miezi tisa. Zile za mwanzo alilia mpaka akakauka sauti, nakumbuka. Safari hii watoto wote kwenye foleni walikuwa wanalia. Nesi akamchoma wangu. Sindano ikaingia yote. Mwanangu akanitazama, akatabasamu.

"Shujaa huyu!" alisema nesi. "Wala hajasikia."

Kina mama wakacheka.

Nyumbani nilifunga mlango, nikamfinya kidole kidogo cha mguu. Nilitumia mkono wa kushoto, ule unaosikia. Nikafinya zaidi.

Aliendelea kunichekea.