Upande wa Pili wa Bwawa

Mpira wa maji wa kupimia usawa una ncha mbili, na siku ile fundi bustani alikuwa mmoja. Wengine wakisimulia kisa hiki huanza na mayowe, wakakuharibia utamu wote. Wape pole. Kusimulia hakuhitaji cheti, tulia nikuonyeshe.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane. Alichimbisha bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba kwa sababu moja tu: wajukuu watatu waliokuwa hawajakanyaga kwake miaka minne. Bintiye aliahidi kuwaleta Jumamosi. Bwawa limejaa, vigae vya buluu vinang'aa ukingoni na kwenye njia ya jikoni, lakini kwingine vumbi tupu, kama uso ulionyolewa nyusi.

"Hapa nataka kivuli," bibi alimwambia fundi. "Na maua yasiyo na miiba."

"Mti wa kupukutisha sikuwekei, mama. Utashinda unavua majani kama samaki. Mitende ule upande, mawe yasiyo laini ili watoto wasiteleze, na benchi lako hapa, uwaone wote."

"Liwe la watu wawili."

"Wewe na nani? Kuna babu umenificha?"

Bibi alicheka hadi akafuta macho. Kicheko kikaisha, yeye bado anayafuta.

Sasa, mawe ya ukingoni lazima yainamie nje, la sivyo mvua itakuingizia matope majini. Ndiyo kazi ya ule mpira: unaujaza maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yakitulia pande zote mbili, huo ndio usawa. Miaka tisa fundi alipima na binamu yake. Binamu akaenda kuendesha malori. Adhuhuri hiyo, jua la utosini, fundi akafunga ncha moja kwa kamba kwenye kigingi ng'ambo ya bwawa, akazunguka na ya pili, akachuchumaa, na mdomo wake ukapiga kelele ile ile ya miaka tisa:

"Shika hapo hapo! Usiteremshe!"

Mazoea yana taabu, ndugu yangu.

Maji mpirani yalipanda kidogo, yakatulia. Akaweka alama. Jiwe la pili, yakatulia tena, safi kabisa, hata akajipongeza. Alipoinua macho aliona kamba imeanguka chini ya kigingi na ncha ya mpira imesimama hewani, kimo cha kifua cha mtu, imetulia kama iliyoshikwa na mkono unaoijua kazi, na hapo ikamjia harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi, ikivuka maji polepole, ikiishinda dawa ya bwawa, na vigae vya upande ule vikaanza kulowa kimoja kimoja, chap, chap, chap, bila mguu wowote, vikielekea si kwake bali kwenye mlango wa jikoni, ambako bibi alikuwa akiongea peke yake kama kawaida yake.

Ungefanya nini wewe? Usinidanganye, ungetimua mbio. Fundi naye alitimua, lakini kuelekea jikoni. Kwa hilo nampa sifa.

Bibi alikuwa mezani. Vikombe viwili vya chai. Kiti cha pili kilikuwa kinachuruzika maji.

"Mama," fundi alinong'ona, "unaongea na nani?"

"Sijui, mwanangu. Lakini anasikiliza."

"Inuka taratibu. Twende nje."

"Ngoja nimalizie. Namweleza jinsi mjukuu wa mwisho alivyozaliwa."

Kesho yake asubuhi fundi alimleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, asiye na vishindo. Alizunguka bwawa mara moja, akanusa.

"Nani alimwita?"

"Mimi," fundi akainama. "Ni mdomo tu, mama. Sikukusudia."

"Jini huyu hajatumwa na mtu. Amekaa ardhini humu hajui hata kuitwa, wewe ukampa kazi. Wewe ulimkaribisha uani, bibi akamkaribisha mezani. Basi bibi ndiye atamtoa, kwa kinywa chake. Akibaki, mtoto asiguse maji haya."

"Kwa nini?"

"Hapendi kugawana mtu."

Bibi alisimama ukingoni. "Wajukuu wangu wanakuja keshokutwa," aliyaambia maji, kama anayeomba radhi. "Nisamehe. Itabidi wewe..."

Simu ikalia. Bintiye.

"Mama, usikasirike. Jumamosi imeshindikana, watoto wana mambo yao. Labda mwakani, eeh? Umekula lakini?"

"Nimekula, mwanangu."

Ikakatika. Hapakuwa na upepo, lakini maji yalirudi nyuma kutoka ukingoni, yakasubiri.

"Malizia neno, bibi," mganga alisema.

"Malizia, mama, nakuomba," fundi alinong'ona. "Nitakuja mimi. Kila Jumamosi."

Bibi alimtazama kwa huruma, kama yeye ndiye mgonjwa. "Wote husema hivyo, baba."

Akavua viatu. Akaketi ukingoni, akatumbukiza miguu.

"Kaa," alisema taratibu, na hakuwa akimwambia fundi. Kigae kikavu kando yake kikalowa. "Nyie mkitoka, fungeni geti."

Fundi aligeuka mara moja tu, mkono uko kwenye komeo. Miguu ya bibi ilikuwa imetulia tuli ndani ya maji. Pembeni yake, maji yalikuwa yanapigwapigwa, kwa furaha kama ya mtoto aliyefika kwa bibi yake.