Jora la Kitambaa cha Nepi

Haya yalimpata rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na hata leo hawezi kuyasimulia bila kulia.

Anafanya kazi katika kiwanda cha kile kitambaa laini cha nepi, kisichofumwa, kinachogandamizwa tu kwa moto. Alikuwa amerudi kazini wiki mbili baada ya kumzika mwanawe wa miezi mitatu.

Mchana mmoja fundi wa mashine akamwambia, "Dada, samahani, niletee jora moja kutoka stoo."

Stoo haina dirisha. Alipofika katikati umeme ukakatika, mashine zikanyamaza, giza likawa totoro. Nyuma ya majora akasikia mtoto mchanga akipiga chafya, kisha akihema kama anayenyonya.

"Nipo, mwanangu. Mama yupo," akasema, akipapasa gizani. Hakugusa kitu ila nailoni iliyofungia majora.

Umeme uliporudi, akasukuma jora moja kwa toroli hadi kwa fundi. Fundi akachana nailoni, akavuta kitambaa mita chache, akasita.

"Dada, mbona huku ndani kumelowa?"

Rafiki yangu akaweka mkono. Palikuwa na doa dogo linalonukia maziwa ya mama, nalo lilikuwa bado vuguvugu.