Mshindi wa Mwaka Jana Huanzia Nyuma

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere. Evert Lindmo alikuwa amemaliza bakuli la pili. Mkewe, Majken, alikuwa bado na la kwanza. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

"Bega tena?" Evert aliuliza.

"Bega lilelile. Leo nimemwinua mzee Fahlgren kitandani, nusura tuanguke wote wawili."

"Angeshukuru yule. Hajakumbatiwa tangu alipofiwa na mkewe."

"Cheka tu. Siku nikianguka kweli, utajipikia hiyo supu."

Majken alikuwa na miaka sitini na moja. Alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya wazee hapo Granfors. Daktari alikuwa amemwambia wazi: bega halitapona. Akiendelea kuinua watu mpaka atakapofikisha sitini na sita na kupata pensheni, hataweza tena kupeleka mkono kichwani. Hata nywele zake atachanwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo mume na mke walikuwa wamepanga. Majken ataacha kazi akiwa na miaka sitini na minne. Miaka miwili ya katikati wataishi kwa mshahara wa Evert wa kiwanda cha mbao, pamoja na fedha za msitu. Msitu huo ulikuwa wa baba yake Majken. Waliuuza msimu wa majani kupukutika, wakapata kroner laki sita. Hawakuwa na fedha nyingine.

Laki sita haikai benki bila kunusiwa. Wiki haikuisha, Evert akaitwa.

Zamani benki yetu ilikuwa na dirisha, na dirishani palikuwa na mtu. Dirisha wamelifunga, mtu wamemwondoa. Aliyebaki wanamwita mshauri. Lakini mshauri anayelipwa kwa kile anachokuuzia ni muuzaji, hata akivaa tai. Huyu aliitwa Kasper Wiik. Alimkaribisha Evert kahawa, kisha akamwonyesha jedwali lenye rangi nzuri.

"Hizi ni faida za mwaka uliopita," Kasper alisema. "Akiba ya benki, asilimia mbili. Hatifungani, tatu. Dhahabu, sita. Majumba, tisa. Hisa za dunia nzima, kumi na saba. Na hapa juu kabisa?"

"Hisa za migodi," Evert alisoma. "Thelathini na nane!"

"Umesema mwenyewe. Jumatatu njoo utie sahihi."

Evert alirudi nyumbani akipiga hesabu njiani. Thelathini na nane katika kila mia ya laki sita ni laki mbili na elfu ishirini na nane. Kwa mwaka mmoja!

"Unaacha kazi mwakani," alimwambia mkewe. "Hungoji sitini na minne."

Majken hakufurahi kama alivyotarajia. "Na ikishuka?"

"Mama wee, imepanda thelathini na nane!"

"Nimesikia. Nimeuliza ikishuka. Ile ni miti ya baba yangu, Evert. Kabla hujatia sahihi, zungumza na Vendela."

Vendela Rask alikuwa jirani yao. Miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama cha wafanyakazi kiwandani. Baada ya kustaafu aliongoza darasa la jioni katika Nyumba ya Watu, ukumbi wa wafanyakazi, darasa la watu wazima wanaotaka kuelewa mambo ya fedha. Alikuwa na ulimi mkali, na alikuwa na sababu. Mwaka elfu mbili aliwaona wakata mbao wakikimbilia hisa za kampuni za simu, kwa kuwa mwaka uliotangulia hisa hizo zilikuwa juu ya jedwali. Aliwaona pia zilipoanguka. Wengine waliuza mashua, wengine nyumba. Waliowauzia hisa hawakuuza kitu chao. Wao ada yao walikuwa wamekwisha kuchukua.

Jumapili Vendela alikuja. Majken aliweka mezani kahawa na maandazi ya iliki. Evert alikuwa na furaha. Jana yake alikuwa kwenye mbio za farasi wa mikokoteni, na alikuwa ameshinda fedha kidogo.

"Wenzangu wote wamempigia dau Malkia wa Theluji," alisema, mdomo umejaa andazi. "Eti kwa sababu alishinda wiki iliyopita. Wajinga hao!"

"Wajinga kwa nini?" Vendela aliuliza.

"Jirani, umeishi hapa miaka yote na hujui? Farasi aliyechuma fedha nyingi hawekwi mstari mmoja na wenzake. Huanzia mita ishirini nyuma. Ushindi wa wiki iliyopita ndio uliomrudisha nyuma. Amefika wa saba."

"Kwa hiyo wewe humfuati mshindi wa jana."

"Mimi? Sikuzaliwa juzi."

"Basi hizo hisa za migodi zilizopanda thelathini na nane," Vendela alisema, "zinaanzia wapi mwaka huu?"

Evert aliacha kutafuna. Majken alitazama kikombe chake ili asicheke.

"Si kitu kimoja," Evert alisema mwishowe. "Hisa si farasi."

"Kweli, si farasi. Mbio zina sheria na hisa hazina. Lakini hisa zina bei. Kitu cha kroner mia sasa unauziwa mia na thelathini na nane. Faida ile wameila waliokuwa nacho mwaka jana. Wewe unanunua baada ya karamu, kwa bei ya karamu. Sisemi zitashuka. Huenda zikapanda tena. Mimi sijui, na Kasper hajui. Tofauti ni kwamba mimi nasema sijui."

"Jedwali lile halidanganyi, Vendela."

"Halidanganyi. Ni la mwaka mmoja. Ukitaka kumjua mtu, utamtazama siku ya harusi yake tu? Majken, leta kopo lako la vifungo."

Vendela alimwaga vifungo mezani. Chekundu kiwe migodi, cha manjano dhahabu, cha kahawia majumba. Cha buluu hisa za dunia nzima, yaani vipande vidogo vya maelfu ya kampuni. Cha kijani hatifungani, yaani fedha unazoikopesha serikali au kampuni nayo ikakulipa riba. Cheupe akiba ya benki. Kisha akatoa takwimu za miaka kumi anazofundishia darasani. Kila mwaka akaupangia safu yake, mshindi juu, wa mwisho chini.

"Weka kidole kwenye chekundu cha kwanza," alimwambia Evert. "Kifuate mpaka mwisho."

Kidole cha Evert kilianzia juu kabisa. Mwaka wa pili kikashuka chini kabisa. Kikapanda katikati, kikarudi chini, kikaruka juu. Kilikuwa kama kidole cha mtu anayetafuta swichi gizani.

"Sasa fuata cha kijani."

Cha kijani kilitembea katikati, na mara moja tu kikaenda chini. Cheupe kilikaa chini karibu kila mwaka, lakini hakikupata hasara hata mara moja. Cha buluu kilikuwa na miaka mibaya, ila mizuri ilikuwa mingi zaidi.

"Kumbe hakuna kinachokaa juu," Majken alisema.

"Hakuna. Na hesabu nyingine hii. Una kroner mia. Mwaka huu unapata faida ya asilimia hamsini. Mwakani hasara ya hamsini. Unabaki na ngapi?"

"Mia ileile," Evert alijibu upesi.

"Piga vizuri."

Evert alipiga. Mia ikawa mia na hamsini. Nusu ya mia na hamsini ikaondoka. "Sabini na tano," alisema taratibu. "Robo imeenda wapi?"

"Hasara hula kilichokua. Ndiyo maana usitazame faida peke yake. Tazama na maanguko yake."

"Basi tuziache zote benki," Majken alisema.

"Hapana, dada. Bei ya kahawa inapanda upesi kuliko riba ya benki. Fedha iliyolala hukonda. Jiulize kwanza: nitaihitaji lini?"

Majken alifikiri. "Laki nne ni za ile miaka miwili. Nitaanza kuzila baada ya miaka mitatu. Laki mbili ni za uzeeni."

"Umejijibu. Laki nne zisikimbie mbio zozote. Nusu benki, nusu hatifungani za muda mfupi. Laki mbili zina miaka kumi na zaidi mbele yake, zinaweza kuanguka na kuinuka. Nyingi weka hisa za dunia nzima, nyingine hatifungani na majumba. Usiweke zote kapu moja. Na uulize ada ya kila mfuko, yaani fedha za watu wengi ambazo benki hununulia hisa kwa pamoja. Faida inaweza isije, lakini ada haikosi."

Jumatatu Evert na Majken walikwenda benki pamoja.

"Ada ya mfuko wa migodi ni ngapi?" Majken aliuliza.

"Asilimia mbili tu kwa mwaka," Kasper alijibu.

"Tu? Kwa laki sita ni elfu kumi na mbili! Hata ikishuka?"

"Ada ni ada, mama."

"Lete jedwali la miaka kumi," Evert alisema.

"Wateja huchanganyikiwa nalo."

"Basi lete, tuchanganyikiwe wote watatu."

Halikuletwa. Hawakutia sahihi. Waligawa fedha kama walivyoamua mezani kwao, wakachagua mifuko yenye ada ndogo.

Mwaka uliofuata hisa za migodi zilianguka asilimia ishirini na tisa. Laki sita zingebaki laki nne na elfu ishirini na sita, kabla ya ada. Mwaka ule hata hisa za dunia zilishuka, na zile laki mbili za uzeeni zikapungua. Majken alikosa usingizi. Lakini laki nne zilikuwa zimeongezeka kidogo, na jumla yote ilipungua elfu tatu tu. Hawakuuza. Miaka miwili baadaye pengo lilikuwa limezibika na fedha zimezidi.

Kasper alipiga simu tena. Safari hii dhahabu ilikuwa juu ya jedwali.

"Inaanzia mita ngapi nyuma?" Evert aliuliza, akakata simu.

Majken alitimiza miaka sitini na minne siku ya Jumanne. Jumatano alirudisha sare ya kazi. Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya kioo. Bega liliuma, kama linavyouma siku zote. Aliinua mkono wa kulia polepole, akaufikisha kichwani, akajichana nywele mwenyewe.